Vyumba Ndani ya Kichwa cha Gekara

Ungemuuliza Nyambeki anaogopa nini, miaka ile ya mwanzo wa sabini, angekucheka kwanza. Hakuwa mwanamke wa kuogopaogopa. Alizaliwa milima ya Gusii, akavuka mpaka angali msichana kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na kikapu chenyewe kilikuwa cha kuazima. Aliwahi kumuua nyoka katikati ya michai kwa ule ufito wa kusawazishia majani, akamsukuma kando kwa mguu, akaendelea kuchuma. Nyapara wao, Kiptanui, Mkipsigis mmoja mrefu mwenye sauti nzito, alikuwa akimwonyesha kwa wachumaji wageni na kuwaambia, "Huyu mama hapana ogopa hata simba."

Basi ngoja uone jinsi woga ulivyompata.

Mumewe aliitwa Gekara. Alifanya kazi kiwandani, orofa ya juu, pale majani mabichi yanapotandazwa yanyauke huku feni kubwa zikivuma kutwa kucha. Alikuwa mtu mpole, mwimbaji wa besi katika kanisa la Wasabato, na mkewe akirudi kutoka shambani amelowa chapachapa, alimvua raba yeye mwenyewe na kumkanda miguu kwa maji ya moto. Wanaume wa laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, walimcheka kwa hilo. Walisema amekaliwa na mke. Gekara aliwajibu kwamba wao wanakaliwa na pombe, na wakanyamaza. Walikuwa na mtoto mmoja, Drusilla, aliyekuwa ndio kwanza anaanza kutembea. Mchana alishinda kwa jirani yao Wacera, Mkikuyu aliyekuwa na kiduka cha sukari na mafuta ya taa mwisho wa laini.

Siku moja Gekara alikula nusu ya ugali wake, akasukuma sahani.

"Mama Drusilla," akasema, "zile feni zinaongea."

Nyambeki akacheka. "Zinaongea lugha gani?"

"Yetu. Zinanitaja mimi."

Alicheka tena, lakini kicheko hakikufika mbali, kwa maana mwenzake hakuwa anatania. Baadaye akajipa moyo: mtu akisikiliza mvumo ule tangu asubuhi mpaka jioni atasikia mengi. Akampikia uji, akamwambia aombe ruhusa apumzike. Kisha ikaja Jumapili moja, kiwanda kimefungwa, kimya kimetanda mpaka unasikia kuku wakichakura. Akamkuta Gekara amesimama katikati ya laini, viganja masikioni, machozi yanamtoka.

"Zimezimwa," akamwambia. "Feni zimezimwa, na bado wanaongea."

Hakumwuliza kina nani. Alimshika mkono akamwingiza ndani kabla majirani hawajakusanyika, akafunga mlango.

Mambo yalizidi. Gekara akaanza kuziba nyufa za ukuta kwa matambara. Akawa anacheka peke yake, tena kicheko cha mtu aliyesimuliwa jambo la aibu. Akawa analala amekaa. Nyambeki naye akajifunza kulala jicho moja, si kwa sababu Gekara alimgusa vibaya, hakumgusa kamwe, bali kwa sababu hakujua tena ni nini kinachopita nyuma ya yale macho. Mtu uliyezaa naye unamtazama na humjui! Hilo lilimtisha kuliko nyoka yeyote.

Kisha siku moja Kiptanui akapanda mteremko mbio, yeye ambaye hakuwa akikimbia kwa ajili ya mtu. "Mama, weka kikapu chini. Kuja."

Gekara alikuwa amezima swichi kubwa ya feni zote. Majani ya siku nzima yalipata joto yakaharibika, meneja akafoka mpaka akawa mwekundu. Walipokwenda kumtoa hakupigana na mtu. Walimkuta amekaa chini ya feni iliyosimama, anabembeleza kama anayembembeleza mtoto: nyamazeni, nyamazeni, tafadhali. Kampuni haikumfukuza. Ikampeleka kwa mganga wa zahanati, naye akampeleka hospitali ya Kericho, na kule wakasema huyu aende Nairobi akaonwe na wanaojua vichwa.

Walikwenda watatu: Gekara, Nyambeki, na Nyaberi, kaka mkubwa wa Gekara. Huyu Nyaberi alikuwa na shamba upande wa Roret, na alikuwa shemasi kanisani, mtu wa tai hata akienda kukama ng'ombe. Simsemi kwa ubaya. Alimpenda ndugu yake, alimlea baada ya baba yao kufa, na hakukaa siku moja bila kuja kumwona. Ila alikuwa mtu wa kauli moja. Akishasema, amesema, na wewe uliyebaki na maneno yako uyameze.

Nairobi walimpiga Gekara kile walichokiita picha ya hewa. Usiniulize nani aliyebuni mateso yale. Walimkalisha kwenye kiti, wakamwinamisha, wakamchoma sindano ndefu mgongoni, wakatoa maji ya uti, na mahali pa yale maji wakatia hewa. Hewa ikapanda mpaka ndani ya kichwa, kisha wakampiga eksirei, maana walisema bila hewa ubongo hauonekani. Nyambeki alikuwa kwenye benchi nje. Alimsikia mumewe akilia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia, akasimama kwenda mlangoni, Nyaberi akamvuta gauni akae.

Daktari alikuwa kijana, na alizungumza taratibu, na muuguzi akaeleza kila neno kwa Kiswahili. Aliinua ile picha kwenye taa. Ndani ya ubongo wa kila mtu, alisema, mimi na ninyi, kuna vyumba vidogo vyenye maji. Vya huyu ni vikubwa kidogo kuliko kawaida. Wameanza kuona hivyo kwa baadhi ya wagonjwa wa namna hii, wanaosikia sauti, wala si kwa wote. Kama ndio ugonjwa wenyewe au ni alama yake tu, hawajui bado. Uvimbe hakuna, damu iliyoganda hakuna. Hakuna cha kukata. Atumie vidonge, kila siku, asiache. Na kichwa kitamuuma siku kadhaa mpaka ile hewa iishe yenyewe.

Yote yalielezwa. Hakuna aliyefichwa kitu. Ila Nyaberi alichukua vyumba, maji na hewa, na mengine akayaacha palepale kwenye benchi.

Safari ya kurudi, Gekara alitapika njia nzima, kichwa amekishika kwa mikono miwili asiweze hata kukigeuza. Ile picha walikuwa wamepewa ndani ya bahasha kubwa waipeleke hospitali ya Kericho. Haikufika. Nyaberi aliwapeleka wote nyumbani kwake Roret, akaita jamaa, akaibandika kwenye kioo cha dirisha jua likipiga. Fuvu likatokea jeupe, na katikati yake doa jeusi lenye mabawa mawili.

Mama mkwe, bibi Nyatichi, alifunika mdomo. "Uuuwi! Mwanangu ana shimo!"

"Si shimo, mama, ni vyumba," Nyaberi akamwelewesha, kidole kwenye kioo. "Vimejaa maji, vimefura. Halafu hawa wakaongeza upepo juu yake, wakamwachia humo. Mnashangaa kichwa kinamuuma?"

"Shemeji, daktari alisema hewa itaisha yenyewe," Nyambeki akasema. "Na alisema hakuna cha kukata."

"Alisema hakuna cha kukata kwa sababu yeye hajui kukata!" Nyaberi akageuka, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata dawa. "Amepiga picha, ameona maji, halafu anatoa vidonge. Vidonge vitaingia kichwani vipi? Sisi tuna watu wanaojua kufungua kichwa. Tangu babu zetu."

Nyambeki akaelewa ni nani anayetaka kumwita.

Kosa lile, nakwambia, Mkipsigis asingelifanya, wala Mkikuyu, wala Mzungu. Ni Wagusii waliokuwa na omobari, yaani fundi wa kupasua kichwa. Mtu akipigwa rungu au akiangukiwa na mti, kichwa kikamuuma mwaka hata miwili, humwita fundi yule. Naye humlaza juu ya majani ya migomba, huchana ngozi ya utosi, hukwangua mfupa taratibu mpaka atoe kipande kilichovunjika, kisha hufunika kwa majani na mafuta. Mgonjwa yu macho wakati wote. Jamaa humshika miguu na mikono, na kichwa hushikwa na mtu mmoja ambaye mgonjwa mwenyewe anamwamini, ili asikitikise. Wengi walipona. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya Nyambeki, kwamba wengi walipona. Mjomba wake mwenyewe, Alfayo, aliangukiwa na tawi la mti akapasuliwa, na aliishi miaka mingi akilima wimbi. Nyambeki alikuwa mtoto siku ile, alitumwa kuleta maji. Aliusikia ule mkwaruzo wa chuma kwenye mfupa, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria, na mjomba wake akisaga meno. Na aliwajua pia, kwa majina, ambao hawakuinuka tena kwenye majani ya migomba.

Akajaribu. "Mjomba aliangukiwa na tawi, shemeji. Gekara hakuangukiwa na kitu."

"Kwa hiyo unataka abaki hivi?"

"Nataka ameze dawa alizopewa."

"Wewe umeolewa juzi," Nyaberi akamwambia, bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nimembeba mgongoni. Jumapili fundi anakuja."

Ingekuwa Jumamosi, lakini Jumamosi ni Sabato, na shemasi hawezi kumwaga damu siku ya Sabato.

Nyambeki alirudi laini na mumewe kungoja hiyo Jumapili, na siku zile zilimkondesha. Alichuma chai na vidole vinamkosea, akaweka majani magumu kikapuni mpaka Kiptanui akayamwaga na kumwuliza ana nini. Akamweleza yote. Kiptanui alikuna kidevu.

"Mimi naweza kuita polisi, mama. Lakini wakikuja watamfunga pingu kama mwizi, na kampuni ikisikia, nyumba imeenda. Unataka?"

Hakutaka. Alikuwa akijipa tumaini moja tu: Gekara mwenyewe akatae. Nani akubali kukwanguliwa fuvu yu macho? Jioni moja, jua lingali juu ya michai, alimkuta amekaa kizingitini, ametulia kuliko alivyomwona tangu ugonjwa uanze. Alikaa kando yake.

"Baba Drusilla, Jumapili tusiende. Mwambie kaka hutaki."

Gekara alimtazama kwa mshangao. "Kwa nini nisitake?"

"Watakupasua."

"Mama Drusilla, hukuona picha?" Alimshika mkono, na sauti yake ilikuwa ya furaha, ile ya zamani. "Miezi yote hii mlisema hakuna watu. Ulisema ni feni, mganga akasema ni mawazo. Sasa daktari wa Nairobi amepiga picha vyumba vyao. Ameviona! Vikubwa, vina nafasi ya kutosha. Wamekaa humo wanakunywa maji yangu na kunisema. Wafunguliwe tu watoke. Hata wao wanataka kutoka, wameniambia."

Ile picha ambayo ilipigwa ili watu wauone ugonjwa, mgonjwa alikuwa ameipokea kama shahidi wake.

"Na wewe ndiye utanishika kichwa," Gekara akasema. "Nimemwambia kaka. Mkono wa mtu mwingine siutaki. Ni wewe tu umebaki, wengine wote wameingiliwa."

Akamlazia kichwa begani. Nyambeki alikaa hivyo mpaka bega likafa ganzi, akaogopa kumwondoa, akaogopa kumwacha.

Jumapili ikafika. Nyuma ya nyumba ya Nyaberi, kwenye migomba, walikuwa wametandaza majani mabichi na maji yanachemka motoni. Omobari alikuwa mzee Kebaso, mwembamba, koti safi, vyuma vyake vimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Alikuwa na maringo ya kazi yake. Alikunywa chai taratibu akiwasimulia wanaume vichwa alivyofungua, huyu wa vita ya ng'ombe, yule wa pikipiki, na wanaume wakacheka kicheko cha woga. Nyaberi alimwonyesha ile picha akiielekeza kwenye jua. Mzee aliitazama kwa heshima, akaigeuza juu chini, akairudisha.

"Hii ni kazi ya Wazungu," akasema. "Mleteni mtu mwenyewe."

Nyambeki alikaa juu ya majani, miguu ameinyoosha, Gekara akalala chali kichwa kikiwa mapajani mwake. Binamu wawili wakashika mikono, Nyaberi akashika miguu. Mama mkwe alikaa kando akiomba, macho ameyafumba. Mzee Kebaso akanyoa nywele kwa wembe, mpaka kichwa kikabaki kitupu, kinang'aa, mishipa inaonekana ikidunda. Nyambeki alikishika kwa viganja vyote viwili. Kilikuwa na joto. Alikuwa akimwomba Mungu amfanye azimie, asiwepo.

Vidole vya mzee vikapita utosini, vikarudi, vikapita tena nyuma ya masikio. Vikasimama.

"Alama iko wapi?"

Nyaberi akazidi kuikaza miguu ya Gekara.

"Nauliza, alipigwa wapi? Mimi huingia palipopigwa. Nikipapasa huwa nakuta bonde, au kovu, au mfupa umepanda. Hapa sikuti kitu."

"Alianguka kutoka kwenye lori la majani," Nyaberi akasema haraka. "Mwaka juzi. Kilipona kikapotea."

"Mfupa haupotezi alama upesi hivyo. Nani aliona?"

Shemasi alikuwa ameanza kudanganya, na hakujua wapi pa kusimama. "Mkewe," akasema. "Mkewe alikuwepo."

Mzee Kebaso akaviinua vidole vyake. "Vizuri. Mke ndiye anayejua kichwa cha mume. Kichwa ambacho hakikupigwa sikifungui, aliyenifundisha alinikataza, na waliofanya hivyo wamezika watu. Haya, mama. Alianguka?"

Wote wakamgeukia. Mama mkwe akafumbua macho. Nyaberi alimkazia jicho ambalo halikuwa la amri tena, lilikuwa la kuomba. Na kutoka mapajani mwake Gekara alimtazama, uso juu chini, akamnong'oneza kwa upole ule ule aliokuwa akimwuliza kama maji ya miguu ni moto sana.

"Mwambie, Mama Drusilla. Mwambie nilianguka."

Neno moja tu. Nyambeki alilisikia limekaa kwenye ulimi. Akilisema, watu wote wa nyumba hii watampenda, mume atashukuru, na nani ajuaye, labda atainuka kama Alfayo alivyoinuka. Na asipoinuka, si mkono wake uliokwangua. Akikataa, na Gekara akazidi kuharibika, hadi kufa kwake wataambiana kwamba ni mke aliyezuia dawa. Aliogopa vile vyuma kwenye kitambaa. Aliogopa zaidi yale macho yaliyokuwa yakimwamini. Lakini mishipa ilikuwa ikidunda chini ya viganja vyake, mfupa mzima, usio na ufa, na hakuweza.

"Hakuanguka," akasema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hakuanguka kwenye lori, hakupigwa na mtu, hakuna kitu kilichomgonga. Kichwa hiki nakiosha mimi tangu tuoane."

Mzee Kebaso akaanza kukunja kitambaa chake.

"Mwongo!" Nyaberi akapiga kelele. "Mwanamke huyu ni mwongo!"

"Basi nionyeshe alama," mzee akasema. Nyaberi hakuwa nayo. Mzee aliosha mikono katika yale maji yaliyochemshwa, akaagana na watu, akaenda zake. Bibi Nyatichi akaangua kilio kana kwamba mwanawe amekufa.

Gekara hakupiga kelele. Alijitoa mikononi mwa binamu zake, akakiinua kichwa kutoka mapajani mwa mkewe polepole, akaketi. Kisha akajisogeza kwa matako juu ya majani ya migomba, mbali naye, na mbali zaidi, mpaka nyuma yake pakawa ukuta wa jikoni. Alimtazama kutoka kule.

Waliporudi laini, Gekara alikubali vidonge, lakini si kutoka mkononi mwa Nyambeki. Alimtaka Kiptanui, na Kiptanui, Mungu ambariki, alipita kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, akasimama na kikombe cha maji mpaka vimezwe. Vilisaidia. Maumivu ya kichwa yaliisha yenyewe, kama daktari alivyosema. Gekara akaanza kulala, akaanza kunenepa, akaacha kuziba nyufa. Meneja akasema akiendelea hivi atampa kazi ya kufagia. Watu wa laini walimpongeza Nyambeki kwamba mume amerudi. Naye akiwaitikia alikuwa akijua kwamba Gekara hali chakula anachompikia mpaka yeye aonje kwanza, na kwamba humtazama koo mpaka ameze. Hakumwambia mtu. Alijiambia vidonge vinahitaji muda.

Siku moja mvua ya mawe ilipiga mapema, ikakata majani, wachumaji wakaachiliwa mchana. Nyambeki alipita dukani kwa Wacera kumchukua mtoto.

"Si baba yake amekuja kumchukua?" Wacera akasema, akipima sukari. "Leo alikuwa mzuri sana, hata ametusalimia."

Nyambeki aliondoka bila kuaga. Hakukimbia, alijikataza kukimbia. Mawe madogo yalikuwa bado yanagonga mabati na kikapu kilimgonga mgongoni. Alipofika mlangoni alisikia sauti ya mumewe ndani, ya chini, ya utulivu, na akasimama kusikiliza. Sauti hiyo alikuwa ameizoea. Kila mara ilikuwa vijibu vifupi tu: ndiyo, hapana, sijui, nyamazeni.

"Hapana," Gekara alikuwa akisema. "Hajarudi bado."

Kimya.

"Si kaka. Kaka alitaka. Mzee naye alikuwa tayari."

Kimya tena, kirefu, cha mtu anayesikiliza swali mpaka mwisho.

"Ni Nyambeki," akasema. "Ndiyo. Ndiye aliyewafungia humo."

Tangu mtoto azaliwe hakuwa amemwita kwa jina hilo. Nyambeki alisikia miguu ikitaka kumgeuza, imrudishe dukani, imrudishe shambani, imvushe mpaka hadi kwa mama yake. Kisha Drusilla akacheka ndani, kile kicheko chake cha kutekenywa, na baba yake akamwambia kwa upole, "Ngoja. Mama anakuja sasa hivi."

Nyambeki akashusha kikapu, akasukuma mlango, akaingia.